Watu wa Kula Nao

Misungwi,
9 Februari 2025

Kaka Shigela,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nimeamua kuliandika kabla ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Jumamosi iliyopita nilikuona. Mwalimu wa jiografia alituleta Mwanza kuangalia mwalo, pale samaki wanaposhushwa, na tulipokuwa tunarudi basi la shule likasimama pale Igogo dereva anunue maji. Nilikuwa dirishani na kitabu changu. Nikainua macho, nikakuona nyuma ya kibanda cha chipsi, umesimama, umeelekea ukutani, unakula kwenye karatasi. Mtu akipita karibu ulikuwa unaacha kutafuna mpaka apite. Nilitaka kukuita, sauti haikutoka. Basi likaondoka. Wenzangu waliimba njia nzima, mimi nilikuwa nauona mgongo wako tu.

Sasa shikamoo. Hujambo huko? Nyumbani hawajambo. Nilikwenda Jumapili ya kutembelea wazazi. Mama mguu umepona, ameshaanza kwenda shambani bila kuambiwa na mtu. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu, hata wa bondeni kule ambako huwa maji yanauzidi. Yule ndama mwekundu uliyemwacha akiwa mdogo sasa anasumbua uwanja mzima.

Baba ndiyo usiseme. Mtu akija kuuliza mbuzi, kabla hajatajiwa mbuzi anatajiwa wewe. "Mwanangu yuko chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo huu." Wengine wameshaisikia mara nyingi, wanaitikia kama kanisani. Mimi simcheki. Nami shuleni wasichana wa bwenini wananiita dada wa mwanachuo, na sijawahi kukataa.

Lakini kuna hili. Baba amesema tukishavuna mpunga atakuja Mwanza. Mama alimuuliza kama anakwenda kumwona mtoto. Akasema, "Mtoto namjua. Nakwenda kula na watu anaokula nao." Unamjua Baba. Akitaka kujua mtu anaishije, hamuulizi kitu, anakula naye.

Kwa hiyo nami nakuuliza, kaka. Unakula na nani?

Barua hii anakuletea Madam Odeta, matroni wetu, ambaye kwake ni Mabatini. Jibu lako liache kwa Nestory, mwenye duka mkabala na nyumba yake. Simu hapa shuleni bado ni marufuku.

Mdogo wako,
Dorcas


Igogo, Mwanza,
23 Februari 2025

Mdogo wangu Dorcas,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yako, ingawa imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai, sijui ni ya Madam Odeta au ya Nestory. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea. Hisabati ya huku si ile ya kidato cha sita, ni kama mtu aliichukua ile akaificha kidogo. Mama mwambie nimefurahi kwa mguu wake. Ndama mwekundu asifungwe kamba fupi.

Kuhusu kula usiwe na wasiwasi, chakula Mwanza kipo kila kona. Nikueleze tunavyokula, maana wewe ni mtu wa kupenda kujua. Kwanza, asubuhi haipo. Wanachuo wengi asubuhi wanakunywa maji, wanakwenda darasani. Mchana ni andazi na soda, ukiwa unatembea. Jioni ni zege, yaani chipsi na mayai vilivyokaangwa pamoja vikashikana, na hilo watu wanalila kitandani, simu imeegemezwa kwenye kikombe, sikio lina waya. Unaweza kumaliza sahani usijue ulikula nini. Bumu likitoka, hizo fedha za mkopo, wiki ya kwanza ni kuku tu, hosteli nzima inanuka kuku. Baadaye watu wanarudi kwenye uji. Ukikosa mlo mmoja inaitwa pasi ndefu, kama ya mpira: unaupiga kutoka asubuhi hadi jioni, haugusi chini. Ukikosa yote, umepiga deshi. Tunacheka sana.

Huyo uliyemwona anaweza kuwa yeyote. Mwanza ina migongo mingi.

Mwambie Baba asisumbuke na safari. Hosteli zetu ni ndogo, hakuna hata pa kukaa, na wakati huo tutakuwa tunajiandaa na mitihani. Nitakuja mimi Julai.

Soma kwa bidii. Usiharibu macho.

Kaka yako,
Shigela


Misungwi,
2 Machi 2025

Kaka Shigela,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Huku mvua imenyesha mpaka bweni la kidato cha kwanza limeingia maji, tumelala wawili wawili. Gladness, ninayelala naye, anaota akihesabu kwa Kiingereza.

Migongo ya Mwanza ni mingi. Lakini shati la kijani lenye kiraka cheusi begani ni moja, na kiraka hicho nilikishona mimi siku moja kabla hujaondoka, kwa sababu Mama alikuwa na uzi mweusi tu. Usinidanganye tena. Sijazoea kudanganywa na wewe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Imechekesha, niliwasomea na wenzangu ile ya pasi ndefu. Kisha nikaona kitu. Ina maandazi, ina soda, ina kuku, ina uji, haina mtu hata mmoja. Mmelala wangapi chumbani? Wanaitwa nani? Wewe ulikuwa ukirudi kutoka shule ya msingi unataja watoto mpaka Mama anakwambia unyamaze unywe maji.

Sikumwambia Baba asije. Nilijaribu, sikuweza. Alikuwa anachagua jogoo wa kukuletea.

Sitamwambia mtu yeyote utakachoniandikia. Unajua mimi huwa nasahau kusema hata yanayotakiwa kusemwa.

Dorcas


Igogo, Mwanza,
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Dorcas,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Natumaini bweni limekauka na Gladness amefika mbali katika hesabu zake. Sisi tumemaliza mitihani ya muhula wa kwanza. Somo moja nimeshindwa, nitalirudia. Siku ile ya mtihani niliona namba zinaogelea kwenye karatasi kama dagaa. Sikuwa mgonjwa, Dorcas. Nilikuwa na njaa.

Umeniuliza majina, nakupa. Tuko wanne. Kitanda cha chini, mkabala na changu, ni Kaijage wa Bukoba, Mhaya, baba yake ana shamba la kahawa, viatu vyake anavipangusa hata akienda kuoga. Juu yake ni Yakobo wa Ukerewe, mpole, anasoma Biblia kwa sauti ya chini. Juu yangu ni Paulo, mtoto wa Mabatini hapa hapa, anajua kila mtu na kila kitu.

Wiki ya kwanza, sikuwa nimezoea hata swichi ya taa, niliingia chumbani nikamkuta Kaijage anakula wali na samaki kitandani kwake. Akasema, "Karibu." Wewe uliyelelewa katika nyumba ya Baba, kwa Mashimba, ungefanyaje? Nilivua viatu. Nilikwenda bombani nikanawa mikono. Nikarudi nikakaa pembeni mwa kitanda chake, nikala.

Yeye akautoa mkono kwenye sahani, akaacha kula. Nyumbani, mwenyeji akitoa mkono kabla ya mgeni maana yake nini? Maana yake amekuachia kilicho kizuri. Na kilichokuwa kimebaki kilikuwa kichwa cha sato. Ningekiacha ningekuwa nimemdharau. Nikakila vizuri, nikafyonza mifupa, nikamshukuru. Kuinua macho, Kaijage ananitazama mdomo wazi, na Paulo kule juu amejifunika shuka anatetemeka kwa kicheko.

Paulo ndiye aliyenieleza. "Ndugu yangu, hapa karibu ni adabu tu. Unasema asante, nimeshiba, unapita. Hunawi mikono."

Kufika jioni ghorofa nzima inaniita Mgeni Rasmi. Nikipita penye watu wanaokula, mmoja anafunika sahani kwa mikono, wa pili anasema, "Simameni, mgeni rasmi ameingia." Si watu wabaya. Wanacheka tu, na wakishacheka wanasahau. Mimi ndiye nisiyesahau. Tangu siku hiyo chakula mbele za watu hakipiti. Na kula peke yangu nako najiona mwizi, maana tangu lini mtu wa kwetu akala peke yake? Kwa hiyo nakula mara moja kwa siku, nyuma ya kile kibanda, nimeelekea ukutani ili nisione kama kuna anayeniona. Ulichokiona ni hicho.

Nimekuwa nikifikiri niache. Nirudi nyumbani, nilime. Fomu za kuahirisha masomo nimeshazichukua. Halafu namkumbuka Baba na mtu wa mbuzi.

Sasa anataka kuja kula na watu wangu. Dorcas, sina watu. Atafungua mlango aone vitanda vinne na migongo minne. Hilo silitaki alione. Afadhali anione shambani kuliko anione hivyo.

Usimwambie.

Shigela


Misungwi,
13 Aprili 2025

Kaka yangu Shigela,

Shikamoo. Nyumbani wazima, shuleni wazima. Mpunga umeanza kuinamisha kichwa. Baba ameshamfunga yule jogoo kitambaa mguuni ili asichinjwe kwa bahati mbaya.

Barua yako niliisomea nyuma ya maktaba. Nililia, kisha nikacheka pale kwenye kichwa cha sato, kisha nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikacheka tena. Samahani. Kisha nikakasirika, na hasira yangu ilikuwa ya majivuno. Kwa nini mtu wa kwa Mashimba aone haya kwa sababu alikaribishwa akala? Wewe ulifanya sawasawa. Sijui kama Kaijage naye alikosea. Huenda kwao ni hivyo, au huenda kwao si hivyo na amejifunza hapo hapo mjini, kama ninyi nyote.

Mimi sijui mambo ya chuo. Lakini kuna kitu kimoja nakijua kuliko wewe, kwa sababu wewe huwa umekaa kwenye gogo pale shikome na wanaume wenzako mkingoja vyakula vya kila nyumba vifike motoni, na mimi ndiye ninayekuja na jagi. Unajua mimi siwezi kusema karibu. Wageni wakija nafungua mdomo, hakitoki kitu, Mama ananisukuma kwa kiwiko. Kwa hiyo nimejizoeza kutosema. Naleta beseni na jagi, nasimama mbele ya mtu, nanyamaza. Na nikwambie nilichokiona: neno karibu watu wanalikataa. "Tumetoka kula sasa hivi," "Tuna haraka," "Siku nyingine." Lakini beseni likifika mbele ya mtu, mikono inatoka yenyewe. Na sijawahi kuona mtu aliyenawa akaondoka bila kula.

Hao wenzako wameshalizoea neno. Usilitumie. Pika wewe. Usipike cha mtu mmoja, pika sinia. Kisha wanawishe.

Najua utasema hiyo ni kazi ya wasichana na watoto. Mimi ni msichana, na nakwambia ni kazi nzuri. Unaona mikono ya watu wote, na hakuna anayekutazama usoni.

Fomu za kuahirisha zirudishe ulikozitoa.

Nakutumia michembe kwa Madam Odeta. Viazi ni vya kwetu, vya bondeni, Mama alivikata vipande na kuvianika mwenyewe. Ukivichemsha usivifiche.

Dorcas


Igogo, Mwanza,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Dorcas,

Marahaba sana. Michembe imefika. Madam Odeta alimwambia Nestory kwamba una nafasi ya pili darasani na hujatuandikia. Nani alikufundisha kuficha habari? Usinijibu.

Nilikubishia moyoni wiki nzima. Nikasema huyu mtoto anasoma vitabu vya hadithi. Nikafanya nusu ya ulichosema: nikapika ugali kwenye korido, hosteli yetu wanaruhusu jiko la gesi, nikaleta sinia chumbani nikasema, "Karibuni." Wakajibu asante, wote watatu, hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye simu. Yakobo aliongeza Mungu akubariki. Nikabaki na ugali wa kulisha msiba.

Basi nikanunua beseni na jagi. Vilikaa chini ya kitanda siku kadhaa, nikivitazama. Usidhani ilikuwa rahisi. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, sijawahi kumnawisha mtu ila babu alipokuwa mgonjwa. Jumapili jioni nikapika tena, ugali na maharage yaliyoungwa karanga, na michembe yako nikaiweka pembeni. Nikamwendea Kaijage kwanza. Nilisema nikianza na mwingine nitaogopa kumfikia yeye.

Alikuwa amelala chali, masikio yana waya. Nikasimama na beseni. Akatoa waya mmoja.

"Vipi, Mgeni Rasmi, kuna msiba?"

Paulo akaanza kucheka. Niliinua jagi kidogo, kama unavyofanya wewe, nikatazama maji. Kaijage akalitazama beseni. Akanitazama. Akakaa. Na mikono, Dorcas, ilitoka yenyewe. Nikamwaga maji. Alipomaliza akaitazama ile mikono kama si yake.

"Sasa nimenawa," akasema.

"Umenawa."

"Basi." Akashuka chini, akakaa sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi.

Yakobo akasema kutoka juu kwamba kama ni hivyo naye ashuke. Paulo akawa ameshafika, analalamika kwamba Wasukuma wanaanza sherehe bila kutangaza. Tukala kwenye sinia moja. Paulo aliuma michembe akauliza ni dawa ya nini. Kaijage akasema ugali wetu unaweza kujengea nyumba. Nikamwambia mbona anaomba tofali jingine. Alikuwa anakula kama mtu anayekimbizwa. Yakobo ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya sala, "Kaijage, mbona ulituambia unakula kwa mjomba wako Nyakato?"

Kaijage akatafuna kwanza. Kisha akasema, "Sina mjomba Nyakato."

Hakuna aliyecheka. Kahawa ya kwao mwaka jana haikuzaa vizuri, na bumu hakupata. Amekuwa akipiga pasi ndefu tangu tulipofungua chuo, jioni anavaa viatu anatoka, anazunguka mpaka ufukweni, anarudi anajipapasa tumbo.

Halafu akanigeukia. "Yule samaki wa siku ile ndio ulikuwa mlo wangu wa kutwa. Ulimaliza hadi kichwa."

Nikamwambia nilidhani ameniachia. Akasema hakuniachia, alikuwa ameduwaa. Hapo ndipo tulipocheka. Sijawahi kucheka hivyo tangu nifike mji huu. Dorcas, miezi yote ile nilidhani alinitazama kwa dharau. Alikuwa anautazama mlo wake unakwenda.

Baada ya hapo aliinuka, akafungua begi lake kubwa, akatoa kopo lililofungwa kwa kitambaa. Senene, waliokaangwa na mama yake. Unajua Mhaya na senene wake. Akawamimina katikati ya sinia bila kusema neno. Kesho yake Yakobo akatoa furu, wale samaki wadogo wakavu wa Ukerewe, aliokuwa amewaficha kwenye sanduku la Biblia. Paulo hakuwa na kitu alichoficha, akaenda kwao Mabatini akarudi na sufuria na dada yake anamkimbiza.

Sasa kila mtu analeta alicho nacho, kinapikwa pamoja, na hakuna anayeuliza kipi ni cha nani. Nimewaeleza kwamba kwetu inaitwa shikome. Chumba cha jirani wameanza kuchungulia. Mgeni Rasmi wananiita bado, lakini jana nilipoingia wakasogea.

Fomu nimezirudisha. Lile somo nimeanza kulisoma upya, na Paulo, kumbe hisabati anaijua mno, anakaa nami.

Kuhusu Baba, sijui. Naogopa bado. Mwambie aje.

Kaka yako,
Shigela


Nyumbani,
15 Juni 2025

Kaka Shigela,

Shikamoo. Nimefunga shule, nipo nyumbani. Mpunga wote umeingia ghalani. Mama hajambo, anakusalimu, anasema amesikia kuna Mhaya anayekula michembe yake na anataka kumwona kwa macho.

Baba amerudi jana. Wewe ulikuwepo siku aliyofika huko kwenu, lakini hukuwepo mwanzoni, na hukumsikia akisimulia, kwa hiyo nakuandikia alivyosimulia.

Wazee walikuwa wamekusanyika shikome kabla jua halijazama. Hakuna aliyesema amekuja kwa ajili ya habari. Mzee Kashindye alisema anatafuta mbuzi wake, na mbuzi wake tulikuwa tunamwona kutoka pale. Baba akawaacha wangoje. Alipomaliza kuchonga mpini ndipo akaanza.

Alisema alifika Igogo Ijumaa mchana akiwa na jogoo na gunia, bila kukwambia siku, kwa makusudi. Akauliza mwanafunzi mmoja mlangoni chumba cha Shigela wa Misungwi. Yule kijana akasema, "Kwa Mgeni Rasmi?" Baba akashangaa, akasema labda ndiye. Akapelekwa. Akakuta mlango wazi na vijana watatu wamekaa sakafuni, sinia limefunikwa kwa sahani, mvuke unatoka pembeni. Walipomwona wakasimama, wakampa shikamoo, wakampa mto akalie. Yeye akawaambia wasimsubiri, wale, chakula kinapoa.

Hapo Baba aliuchokoa moto. Kisha akasema walivyomjibu. Yule mwenye viatu vizuri alisema, "Mzee, hatujaanza. Mwenzetu hajafika."

Akalirudia tena kwa Kisukuma, ili Mzee Kashindye alisikie vizuri. Kwamba alikaa pale na chakula kikipoa, vijana wa watu, Mhaya, Mkerewe na mtoto wa mjini, wana njaa, anaona kabisa wana njaa, na hakuna aliyefunua sinia mpaka wewe uliporudi kutoka maktaba. Kwamba Mhaya ndiye aliyemnawisha, na akamwambia wewe ndiye uliyewafundisha. "Mhaya," akasema, "alinimwagia maji kwa mikono yake." Wazee wakaguna. Akasema pia kwamba umekonda. "Amekonda. Lakini si kukonda kwa mtu asiye na watu." Hakusema zaidi ya hapo, na sikujua kama amejua zaidi ya hapo. Alimalizia hivi: "Nimekwenda kula na watu wa mwanangu. Nimekuta watu wanamsubiri mwanangu."

Kaka, ningependa ungeuona uso wake. Mimi niliuona kwa sababu nilikuwa nimesimama na jagi.

Unajua sisi wasichana tukishaleta chakula na maji pale tunarudi jikoni. Nilikuwa nimewanawisha wote, nimebaki kuondoka tu. Mzee Kashindye akasema hiyo akili ya kunawisha watu huko chuoni umeipata hapa hapa, kwenye gogo hili, kwa wazee wako. Wote wakaitikia. Baba naye akaitikia, anatabasamu.

Nilifanya hivi. Sikuondoka. Nikasema, "Ni mimi niliyemwandikia." Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hawajasikia, lakini wakageuka wote. Baba akauliza, "Ulimwandikia nini?" Nikasema nilikuandikia kwamba watu wanalikataa neno, hawalikatai beseni. Habari ya ukuta sikuitaja, na sitaitaja. Mzee Kashindye alilitazama beseni lililokuwa miguuni kwangu, kisha mikono yake mwenyewe ambayo bado ilikuwa na maji, akasema polepole kwamba ni kweli, yeye alikuwa ameshakula kwake.

Baba hakucheka. Alisogea kwenye gogo, ikapatikana nafasi. Akasema, "Kaa utueleze vizuri."

Nikakaa. Nikanawa kwa maji yaliyobaki kwenye jagi. Nikala ugali na sato kwenye sahani moja na wazee, upande wa kulia wa Baba, nikawajibu kila walichoniuliza mpaka chakula kikaisha. Kisha nikakusanya vyombo, nikaenda kuviosha.

Mdogo wako,
Dorcas